Zimwi la Pembe za Zambarau

Orie Kumagai alikuwa akianika foronya kwenye kibaraza cha nyumba yake, mtaani Yotsugi, mwanamume mmoja mwenye sare ya kazi aliposimama nje ya lango na kuinama mara mbili. Siku hizo matapeli walikuwa wamezagaa, wengine wakijifanya wakaguzi wa gesi, wengine wajukuu waliopata ajali, na bintiye Chinatsu alikuwa amemkanya asimfungulie mtu asiyemjua. Kwa hiyo hakumfungulia. Alimuuliza palepale, ua ukiwa katikati yao, anauza nini.

"Siuzi kitu, mama," yule mtu alisema. "Namtafuta aliyekuwa akiyapaka rangi mazimwi ya Gubaro."

Orie alibaki ameishikilia ile foronya mkononi. Jina hilo hakuwa amelisikia kwa miaka hamsini na moja.

Zamani hizo karibu kila nyumba ya mtaa ule ilikula kwa vichezeo. Viwanda vidogo viliyamimina mazimwi ya plastiki laini, makubwa kiasi cha kujaa kiganjani, kisha wake za watu wakayapaka rangi majumbani: huyu macho, yule makucha, mwingine pembe. Orie alipewa pembe. Alikuwa na miaka ishirini na minne, na Chinatsu akiwa mchanga alilala kwenye goti lake la kulia huku mama mtu akipaka. Malipo yalikuwa yeni tatu kwa zimwi moja. Gubaro alikuwa zimwi mnene mwenye tumbo la chura na pembe mbili za manjano, na watoto wa nchi nzima walimpenda kwa mwaka mmoja, kisha wakamsahau.

Mgeni alijitambulisha kuwa ni Uozumi Shigeki, fundi wa lifti, umri miaka hamsini na sita. Anwani alikuwa ameipata kwa mtoto wa mwenye kiwanda cha zamani, baada ya kumbembeleza miezi minne. Alitoa picha kutoka kwenye bahasha aliyoibana kwapani, akampitishia juu ya ua. Ilimwonyesha Gubaro ndani ya kabati la kioo, tumbo lile lile, macho yale yale, ila pembe zake zilikuwa za zambarau.

"Mazimwi haya nayakumbuka," Orie alisema, na mara hiyo akalifungua lango.

Alimkaribisha sebuleni, akampa chai ya shayiri, akamsimulia. Ilikuwa majira ya vuli ya ule mwaka mafuta yalipoadimika duniani, watu wakasukumana madukani wakigombania karatasi za chooni. Rangi nazo ziliadimika. Kiwanda kilimletea mazimwi arobaini na manane kisimletee rangi ya manjano, na kesho yake asubuhi gari lingekuja kuyachukua. Orie alikuwa na masalio ya nyekundu na masalio ya buluu. Akachanganya. Mwenye kiwanda alipoyaona alimfokea mbele ya majirani, akasema amemharibia mzigo, na hakumlipa hata yeni moja. Lakini mazimwi yenyewe hakuyatupa, maana mwaka mpya ulikuwa unabisha hodi. Aliyapakia pamoja na mengine yakaenda kuuzwa vijijini huko kaskazini.

Uozumi alisikiliza bila kugusa chai. Kwa miaka mingi, alisema, wakusanyaji walikuwa wakiambiana kwamba pembe za zambarau zilikuwa zawadi ya siri ya shindano fulani la watoto. Vitabu vya bei viliandika hivyo. Ulimwenguni yalijulikana kubaki saba tu, na hilo la kwenye picha lilikuwa linauzwa katika duka moja mtaani Nakano.

"Kiasi gani?" Orie aliuliza.

"Yeni laki sita na elfu themanini."

Orie alicheka. Alicheka mpaka akashika ukingo wa meza, na Uozumi naye akaanza kucheka kwa kumfuata. Kisha mama yule akayaangalia mapaja yake. Arobaini na nane mara tatu. Ile pesa aliyonyimwa haikuzidi bei ya tofu mbili tatu, lakini fedheha ya kufokewa mbele ya majirani ilikaa naye miaka, na ndiyo iliyomfanya aache kupaka, akaenda kuosha vyombo katika mkahawa wa shule hadi alipostaafu.

Uozumi alieleza shida yake. Mishahara yake miwili ilikuwa haifiki bei hiyo, ila alikuwa ameweka akiba kwa miaka mitatu, na mkewe alikuwa amemruhusu kwa sharti moja, kwamba asimwonyeshe risiti. Tatizo ni kwamba siku hizi walikuwepo watu waliochukua Gubaro wa kawaida wakampaka pembe rangi ya zambarau. Akaomba, kama si usumbufu, mama huyo aje alitazame zimwi kabla hajatoa pesa. Orie alisema atafikiri. Kwa kweli alikuwa tayari amekubali. Alitaka tu kulifikiria jambo hilo usiku mmoja kwanza.

Siku tatu baadaye, kabla hawajaenda popote, alikuja mtu mwingine. Huyu alivaa suti ya kitani na alibeba tikiti la kijani lililofungwa utepe, la aina ile ambayo watu hupelekeana hospitalini. Jina lake Hatakeda, mwenye duka lile la Nakano. Uozumi, kwa unyoofu wake, alikuwa amempigia simu kumwambia kwamba amempata mpakaji, na kumsimulia yote aliyoyasikia kwake. Hatakeda alipiga magoti vizuri kwenye mkeka, akasifu bustani, akasifu chai, kisha akafungua begi. Ndani mlikuwa na mazimwi ishirini ya Gubaro yenye pembe za manjano, ya kale kweli, yaliyotoka kwenye ghala la duka lililofungwa.

"Mama yangu," alisema, "zimwi ni la mwaka ule. Mkono ni ule ule. Mimi naomba tu uzipake pembe zambarau, umalizie kazi uliyoianza. Kila moja nakupa elfu hamsini."

Orie alimuuliza kama huko si kughushi. Hatakeda alitabasamu kama mtu anayeelimisha mtoto. Kughushi, alisema, ni mtu kuiga mkono wa mwenzake. Mtu anawezaje kujiiga mwenyewe? Mpishi akipika leo supu aliyoipika jana, nani atasema supu ya leo ni bandia? Kisha akaongeza, kwa sauti ya chini, kwamba si haki hata kidogo dunia nzima ifaidi mkono wake na yeye aambulie matusi ya marehemu mwenye kiwanda.

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyompata. Pesa alizihitaji, ndiyo. Chinatsu alikuwa anamshinikiza ahamie kwake Chiba, na yeye alijua angeweza kuendelea kuishi peke yake laiti bafu na ngazi vingewekewa vyuma vya kushikilia. Lakini kilichomchoma si bafu. Ni kwamba katika maisha yake yote hakuna aliyewahi kumwambia kuwa mkono wake una thamani. Alimwomba Hatakeda wiki moja. Mazimwi ishirini yakabaki kabatini.

Usiku ule hakupata usingizi, na kesho yake alikwenda duka la vifaa akanunua brashi mbili na vikopo vitatu vya rangi. Alijaribu kwanza kwenye kizibo cha chupa. Rangi ilimwagika. Akajaribu tena, na tena, hadi vizibo vikajipanga mstari dirishani. Siku ya nne kidole gumba kilikumbuka chenyewe. Kumbe hakikuwa kimesahau. Kilikuwa kinasubiri kuulizwa. Aliona raha ambayo hakuitegemea, raha ya kuona rangi ikienda inakotakiwa na kukoma inapotakiwa kukoma.

Jioni Chinatsu alipiga simu kama kawaida yake, na Orie akamwambia yote, akitumia ule mfano wa supu. Alitarajia kupongezwa. Chinatsu, ambaye ni muuguzi mwenye miaka ishirini na tisa ya zamu na hana subira na maneno ya mzunguko, alisikiliza hadi mwisho.

"Sawa mama," alisema. "Kama ni halali, mwambie utaandika jina lako na mwaka huu chini ya mguu. Tuone kama supu itaendelea kumnogea."

"Wewe ulimi wako utakuponza."

"Ulimi wangu nimeurithi."

Orie alikata simu akiwa amenuna. Alinuna kwa sababu alijua bintiye amesema kweli, na yeye mwenyewe alikuwa amejua tangu mwanzo.

Hatakeda aliporudi, alimkuta ametoa mazimwi yote ishirini na kuyapanga mezani, manjano kama yalivyokuja. Orie alimwambia yuko tayari kuanza siku hiyo hiyo, tena kwa bei nusu, kwa sharti kwamba kila zimwi litakuwa na jina Kumagai na mwaka wa leo chini ya mguu wa kushoto. Hatakeda alicheka. Alipoona mwenziwe hacheki, aliacha.

"Mama, hapo utakuwa umeua biashara. Nani atatoa pesa kwa pembe za mwaka huu?"

"Umesema mkono ni ule ule."

"Mkono hauna tatizo. Tarehe ndiyo inayouzwa."

"Basi tarehe mimi sina," Orie alisema. "Ningekuwa nayo ningeirudia mwenyewe."

Hatakeda aliyarudisha mazimwi kwenye begi moja moja. Hakuwa mtu wa kugombana. Mlangoni aliinama vizuri, akasema tikiti limsaidie kwenye joto hili. Orie alimjibu kwamba tikiti walikwishalila na jirani siku ile ile, na lilikuwa tamu sana, ahsante.

Alipoondoka, Orie alimpigia Uozumi, akamsimulia kila kitu bila kuficha kwamba alitamani. Uozumi aliuliza kwa sauti ndogo kama basi na lile la kwenye kabati ni la uongo. Orie akasema hajui. Njia ya kujua ni kwenda kulitazama.

Walikwenda Jumamosi. Duka la Hatakeda liko ghorofa ya tatu ya jengo moja la Nakano, katikati ya maduka mengine ya aina hiyo, na kwa mara ya kwanza Orie aliona vichezeo vimewekewa taa zao wenyewe kama vito. Hatakeda aliwapokea kana kwamba hakuna lililotokea. Alifungua kabati, akamkabidhi Orie glavu nyeupe. Orie alizivaa, akalishika zimwi, akazivua.

Alilizungusha taratibu dirishani. Pembe ya kushoto ilikuwa na rangi nzito kidogo upande wa ndani. Hivyo ndivyo ilivyokuwa lazima iwe, maana mtu mwenye mtoto kwenye goti la kulia hawezi kugeuza mkono vizuri upande huo. Kisha akalisogeza karibu zaidi. Ndani ya zambarau mlikuwa na chembe za fedha, ndogo mno, zinazoonekana kwa mwanga wa ubavuni tu. Ile nyekundu ya masalio ilikuwa imekaa kwenye kopo lililowahi kuwa na rangi ya fedha ya kupakia roboti, na yeye hakuwa na muda wa kulisafisha. Alijiona tena akikoroga kwa kijiti cha kulia chakula, usiku, huku mume wake akiuliza mara kwa mara kama hatalala.

Angeweza kusema si lenyewe. Angemkomesha Hatakeda na kumwokolea Uozumi pesa zake kwa neno moja. Wazo hilo lilipita, halikukaa.

"Ni langu," alisema. "Nimelipaka mimi."

Hatakeda aliuliza haraka amelijuaje. Orie akamwambia kwamba mama huwajua wanawe, na zaidi ya hapo hakumwongezea kitu.

Sasa kazi ilikuwa ya Uozumi. Bahasha ya pesa ilikuwa kifuani mwake. Alikuwa ameitoa benki jana yake. Alilitazama lile zimwi kwa muda, akaweka mkono kwenye bahasha, akauondoa. Akamwomba Hatakeda amwekee zimwi hadi jioni, akamwongoza Orie kwenye mkahawa wa tambi uliokuwa chini. Waliagiza tambi za soba. Uozumi hakula. Alifungua mkoba wake wa vifaa vya kazi, na kutoka kwenye kitambaa cha kufutia grisi akatoa Gubaro mwingine, mchafu, mguu mmoja umebonyea. Pembe zake hazikuwa za manjano wala zambarau. Zilikuwa zimekwanguliwa hadi plastiki tupu.

Alizaliwa Akita, alisema, katika kijiji ambacho duka lilikuwa moja. Mama yake alimnunulia hilo zimwi alipokuwa na miaka mitano. Watoto wenzake nao walikuwa na Gubaro, wote wa pembe za manjano, kama kwenye picha za sanduku. Wakamwambia la kwake, lenye pembe za zambarau, ni bandia, kwamba mama yake amenunua takataka kwa sababu ni maskini. Alivumilia wiki mbili. Siku moja alichukua msumari, akajifungia bandani, akazikwangua pembe zote mbili. Mama yake alilikuta, akamuuliza kwa nini. Yeye akanyamaza. Mama naye akanyamaza, na mpaka anafariki hakulitaja tena.

"Miaka thelathini nimekuwa nikisema natafuta Gubaro wa zambarau," Uozumi alisema. "Leo nimelitazama kwa karibu, mama, na nimeona si lenyewe. Ni zuri, lakini ni la mtoto mwingine."

Orie alitafuna tambi zake polepole. Alimwambia kwamba asije akaacha kununua kwa ajili ya kumfurahisha yeye. Kama moyo unalitaka, alinunue. Pesa ni zake, na mtu hawezi kumpangia mwenzake bei ya kiu. Uozumi akatikisa kichwa.

"Basi nipe hilo," Orie alisema, akafuta vidole.

Uozumi alisita. Katika ulimwengu wa wakusanyaji, alieleza, zimwi lililopakwa upya halina thamani tena, hata likipakwa na malaika. Akiruhusu, litakuwa si kitu sokoni.

"Sasa hivi ni kitu sokoni?"

Uozumi aliliangalia, na kwa mara ya kwanza siku ile akacheka. Akamsukumia lile zimwi kupitia katikati ya mabakuli.

Walirudi Yotsugi kwa treni. Orie alitandika gazeti mezani, akachanganya nyekundu na buluu, akafungua dirisha. Pembe ya kwanza aliikosea, akaifuta, akaanza upya. Hazikutoka sawasawa na za Nakano: zilikuwa nyangavu zaidi, na hazikuwa na chembe za fedha. Mikwaruzo ya msumari ilionekana chini ya rangi, na Uozumi alipoulizwa kama aijaze kwanza, alisema aiache. Alipiga magoti upande wa pili wa meza, bila kusogea, mtu mzima mwenye mvi, akitazama brashi inavyopita. Rangi ilipokauka, alimwomba aandike jina chini ya mguu. Orie aliandika Kumagai, kisha mwaka wa elfu moja mia tisa sabini na tatu, na kando yake mwaka wa leo.

Zimwi la Nakano liliuzwa mwezi ule ule kwa daktari wa meno wa Kobe, kwa yeni laki saba. Daktari huyo alisikia habari za mama wa Yotsugi, akampigia simu kumuuliza kama ni kweli lilikuwa zawadi ya shindano. Orie alimweleza kwa upole kwamba hapana, ni rangi iliyoisha tu, na akajiandaa kumsikia akisikitika. Daktari aliomba arudie habari za kijiti cha chakula na mtoto gotini, polepole, ili aandike. Mwishoni alisema anaona amelipa kidogo. Orie hakumwelewa vizuri, lakini alikwenda kulala akiwa mwepesi.

Uozumi, kwa upande wake, alirusha picha ya zimwi lake kwenye kundi la simu la wakusanyaji. Wapo waliombeza, wakasema ameharibu mara mbili. Wapo wengine walioandika faraghani kuuliza kama mama huyo anaweza kutazama na la kwao, lililobabuka, lililotafunwa na mbwa, lililoungua upande mmoja. Sehemu ya ile akiba Uozumi aliitumia kumnunulia mkewe safari ya chemchemi za maji moto, na hapo sharti la risiti likaondolewa. Siku zake za mapumziko alikuja na kifaa cha kutobolea ukuta, akafunga vyuma bafuni na kwenye ngazi, akakataa malipo isipokuwa chakula cha mchana.

Kufikia vuli, kila Jumamosi meza ya Orie ilikuwa na watu. Bei yake ilikuwa ya bakuli moja la soba, na sharti halikubadilika: jina na mwaka chini ya mguu. Chinatsu alianza kuja siku asizo na zamu. Alisema anakuja kumchunga mama yake asichoke, lakini alikamata brashi ya kupakia macho ya mazimwi na hakuiachia tena, na jambo la kuhamia Chiba likawa halitajwi.

Jumamosi moja ya mvua alifika mwanamke kutoka Sendai, ametoka nyumbani kabla ya mapambazuko. Alifungua furushi lake, akatoa sungura aliyebabuka rangi, asiye na sikio moja, wa kiwanda kingine kabisa, ambaye hata zamani hakuwa na bei. Akaanza kuomba radhi, akisema anajua hapa ni mahali pa mazimwi.

Orie alivaa miwani, akamchukua sungura kwa mikono miwili, akamgeuza kwenye mwanga.

"Keti mama," alisema. "Tuambie alikuwa na rangi gani."